Lumbesa Kwenye Wasifu Wangu

Nilikuwa nimeshona magunia ya vitunguu Ruaha Mbuyuni kwa misimu mitatu niliposikia kwamba ghala moja la mazao mjini Iringa linatafuta mpokeaji wa mizigo. Kazi ya kivulini, ya kalamu na mizani. Niliitaka sana. Tatizo, walitaka wasifu, na mimi nina darasa la saba na aibu nyingi.

Shangazi yangu anakaa Mlandege, hapohapo Iringa mjini. Alinitengea meza, akafukuza kuku, akaniambia, "Andika kila unachojua kufanya. Usijibane."

Nikaandika asubuhi nzima. Mimi huandika polepole. Herufi moja naitazama kwanza kabla ya kuiacha. Jina, shule na dini vikaisha. Kwenye uzoefu nikakwama, halafu nikakumbuka sifa yangu moja ambayo hata madalali waliikubali. Nikaandika: "Najua kushona lumbesa ndefu kuliko wenzangu wote, na haimwagiki mpaka Dar es Salaam."

Niliona imekaa vizuri. Wasifu ukachapwa steshenari, nikaupeleka ghalani siku hiyohiyo. Niliporudi nikamsomea shangazi nakala. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba, lumbesa si imekatazwa? Gunia likivimba juu ya mdomo namna ile, mkulima anaibiwa. Yaani umepeleka ushahidi kwa miguu yako mwenyewe!"

Nilijua kazi imepotea. Kumbe baada ya siku mbili nikaitwa.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaisoma sentensi yangu kwa sauti mbele ya wapakiaji. Wakaangua kicheko.

"Fundi wa lumbesa! Sisi hapa tunapima kwa mizani. Utatufaa nini?"

Nikatazama chini, na hapo chini palikuwa na viroba vya maharage vilivyotoka kushushwa, mzigo wa Kilolo. Kimoja kikanivuta macho.

"Mama," nikasema, "hiki kimefunguliwa njiani."

"Umejuaje?"

"Matundu ya sindano ni mengi kuliko uzi. Kimeshonwa mara mbili. Na aliyeshona mara ya pili alikuwa na haraka."

Kikapandishwa kwenye mizani. Kilikuwa chepesi kuliko vingine vyote. Dereva aliyeuleta mzigo akaanza kutafuta simu yake mifukoni, na simu alikuwa ameishika mkononi.

"Huyu mchawi," mpakiaji mmoja akanong'ona.

"Si mchawi," mama akasema. "Ni mwizi aliyeokoka. Jumatatu uje, saa moja kamili."

Nilifurahi mpaka nikasahau kuaga. Nilipofika mlangoni nikakumbuka ile sentensi, nikarudi, nikamwomba anipe karatasi yangu nikaiandike upya bila lumbesa.

Akaishika kwa mikono miwili. "Acha hivyohivyo, mwanangu. Shangazi yako nasali naye, ameshaniambia unavyoandika. Ukianza upya, Jumatatu itapita."