Kurasa Tupu za Exaucée

Ukitaka kumwona Mwalimu Ondiek amefura, mguse kwaya yake. Mwaka ule wa tisini na nane alikuwa akifundisha muziki katika shule moja ya Ntinda, ng'ambo ya mpaka, kazi iliyomtoa Kisumu, na kwaya ya watoto arobaini ilikuwa imebaki kumi na mmoja. Mashindano ya shule yalikuwa mwezi mmoja tu mbele. "Wavivu nyinyi! Mmepewa koo za bure mnazifungia!" alifoka darasa baada ya darasa, na watoto wakainamisha macho.

Siku Exaucée, soprano wake wa kwanza, alipojitoa naye, uvumilivu ulimwishia. Alishuka hadi mtaa wa Bwaise, akaruka mitaro ya maji machafu, akamkuta mama wa binti, Nabintu, Mkongo muuza vitenge, akikunja mali yake barazani.

"Mama, mbona unamharibu mtoto?"

Nabintu hakumpa kiti. Aliingia ndani, akatoka na daftari la hesabu, akamfungulia puani. "Angalia kaye ya mutoto. Hapa mugeni alikuya. Hapa mugeni tena. Na hapa." Kila alipoweka kidole palikuwa na tarehe, na chini ya tarehe hapakuwa na kitu. "Munawasimamisha ku jua tangu asubui, mugeni anafika saa nane. Miye nilimuleta asome. Weye mwalimu, ulisoma, ao uliimba tu?"

Ondiek alilishika daftari. Tarehe zile alizijua. Ni yeye aliyewatoa darasani kila mwalimu mkuu aliposema kuna mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Pale shuleni kila mgeni aliacha wenyeji wagonjwa, na muuguzi wao, yeye mwenyewe, akawaita wavivu! Alirudi ana hasira kuliko alivyokwenda, na safari hii nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe.

Alhamisi mwalimu mkuu, Madamu Rosalba, alimwita ofisini.

"Kesho iko mgeni. Kwaya isimame saa tatu."

"Itaimba saa kumi, masomo yakiisha."

"Ssebo, bwana mwalimu, mgeni ye hapangiwi saa!"

"Basi na watoto wa watu wasipangiwe jua!"

Kesho yake saa tatu alisimama uwanjani peke yake, amevaa suti yake ya mtumba ya soko la Owino. Mgeni alifika saa nane kasorobo. Ondiek, shati limemganda mgongoni, aliimba wimbo wa makaribisho kwa besi. Palipokuwa pa soprano alinyamaza, akahesabu mapigo kwa kidole, kisha akaendelea. Mgeni akapiga makofi mahali pasipo pake. Madamu Rosalba alikuwa amevimba kama andazi.

Kabla mgeni hajamaliza soda yake, Ondiek alikwishaambiwa kwaya si yake tena. Miaka sita na kwaya hiyo ikaisha kwa sentensi moja. Akapita kwenye dirisha la darasa. Exaucée alikuwa ameinama anaandika, wala hakuinua kichwa.

"Andika, mwanangu," alisema Ondiek kwa ukali. "Jaza mpaka mwisho."