Niliweka QR code kwenye kadi ya harusi badala ya jina la msikiti, walii akabaki nyumbani

Wakuu, habari za mchana.

Hili nalitoa kifuani leo, na ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejiweka mahali pazuri zaidi, kwa sababu aliyekosea ni mimi.

Niko Tororo, nina kibanda cha stationery. Photocopy, barua, kadi za harusi. Graphics nimejifunza mwenyewe mtandaoni.

Mwaka huu binamu yangu Zaitun akapata mchumba. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, wanaishi Busia upande wa Uganda. Baba yake alishafariki na hana kaka, kwa hiyo walii wake, yaani wa kumwozesha, ni baba yake mdogo, Mzee Ramadhani, dereva wa malori mstaafu, anayekaa Busia ya Kenya. Kutoka kwa mama mdogo hadi kwake hata jasho halikutoki.

Shida ni kwamba hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya marehemu. Walivutana azikwe upande gani wa mpaka, yakatoka maneno mazito.

Zaitun mwenyewe ndiye alivuka akaenda kumbembeleza. Mzee akalainika, akamwambia, "Niletewe kadi tu, nitakuja nikuozeshe."

Sasa hiyo kadi.

Niliipiga design ya nguvu. Karatasi ya cream, maandishi ya dhahabu, maua pembeni. Nikaha ilikuwa kwenye msikiti mdogo kijijini kwa bibi yake, njia ya Masafu, na kuelekeza huko ni mistari minne: pita hapa, kata pale. Nikaona inaharibu muonekano.

Nikafuta yote. Nikaweka QR code ya dhahabu, chini yake "Scan kujua mahali". Ukiscan inafungua website yenye ramani na picha za maharusi.

Mama mdogo akaigeuza kadi huku na huku.

"Sasa msikiti iko wapi hapa?"

"Iko ndani ya hiyo code, mama mdogo."

"Na mtu hana simu ya hivyo, anasoma wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia siku hizi kila mtu ana smartphone. Wakuu, kile kicheko bado kinaniuma mpaka leo.

Siku ikafika. Nikaha saa nne asubuhi. Kuanzia saa mbili simu yangu inaita tu.

Shangazi wa bwana harusi alitumiwa kadi WhatsApp. Anauliza, code iko ndani ya simu yangu, sasa niiscan na nini? Designer mzima, sikuwahi kuwaza hilo.

Mwingine camera haishiki kabisa, dhahabu inang'aa tu. Mwingine yuko karibu na mpaka, simu imedaka network ya Kenya, data imegoma.

Halafu akapiga mmoja ambaye ilimfungukia. "Kaka, inasema hii code imefungwa. Mwenyewe afanye upgrade."

Nilitumia website ya bure, free trial. Wiki mbili zikiisha wanaizima. Wameandika, kwa herufi ndogo kama sisimizi, mimi sikusoma. Nilijaribu siku ya kwanza, ikafanya kazi, nikachapa zote.

Tukaanza kuelekeza watu kwa simu, mmoja mmoja. Wakafika. Saa nne na nusu msikiti umejaa, bwana harusi amekaa.

Walii hayupo. Simu yake imezimwa.

Imamu akauliza kama kuna mwanamume mwingine wa upande wa baba. Hakuna. Mimi ni wa upande wa mama, sina uwalii.

"Walii yuko hai, yuko karibu, na hajakataa," akasema. "Siwezi kumruka. Nasubiri mpaka adhuhuri, baada ya hapo nina maziko Bulumbi."

Nikatoka nje. Zaitun alikuwa amesimama mlango wa wanawake na mapambo yake. Mama mdogo, pembeni yake, akaniambia taratibu kabisa:

"Mimi sina uso ya kwenda kwake. Wewe ndio ulifuta. Enda."

Nikapanda boda, nikavuka mpaka.

Nilimkuta mzee sebuleni. Amevaa kanzu, kofia, viatu vimepigwa rangi. Amekaa tu. Kadi iko mezani.

"Mzee, tunakungoja."

"Mnaningojea wapi?"

Akaishika kadi.

"Hii nimeitazama siku tatu. Jina la binti yangu lipo, siku ipo, saa ipo. Mahali hapana. Pana hili dude kama mkeka ulioliwa na panya. Nikampa binti wa jirani aniangalizie kwa simu yake. Unajua alisema nini?"

"Hapana, mzee."

"Alisema, babu, imeandikwa imefungwa. Nikajua Mama Zaitun ndiye kanifungia. Wengine wameonyeshwa njia, mimi nimefungiwa mlango. Nikazima simu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza yote, kwamba ni mimi, na kwamba watu wote walipewa kadi hiyo hiyo. Hakuamini mpaka nilipotoa nyingine mfukoni. Akaziweka pamoja, akalinganisha dude na dude.

"Kwa nini hukuandika jina la msikiti?"

"Nafasi ilikuwa haitoshi, mzee."

Akaitazama tena kadi.

"Na haya maua?"

Akainuka, tukaondoka.

Tulimkuta imamu mlangoni anavaa viatu. Akavivua tena. Mzee Ramadhani akamwozesha binti wa kaka yake kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

Baadaye nikamwona mama mdogo anambebea sahani ya pilau kwa mikono yake mwenyewe. "Shemeji, karibu." Naye akapokea: "Ahsante, Mama Zaitun." Basi, hayo tu. Lakini tangu mazishi hawakuwa wamefika hata hapo.

Mimi nilikula jikoni, mbali na macho ya watu.

Nilichojifunza: andika mahali kwa herufi ambazo mtu anasoma kwa macho yake. QR iwe nyongeza, nyeusi juu ya nyeupe, na uijaribu kwa simu mbovu, siku ileile ya kazi. Mteja akiniambia code peke yake inatosha, namkatalia hata akinuna.

Haya, wenzangu mliowahi kukwamishwa na haya madude, hotelini, hospitalini, popote, leteni visa vyenu. Na kunicheka mnaruhusiwa, ila foleni ni ndefu: ukoo mzima sasa unaniita Bwana Scan.