Fundi Bashir na Maji ya Wadi

Juzi mvua ilipopiga Al Khoudh, huku ughaibuni, nilimwona baba mmoja akimbeba mwanawe kumtoa ukingoni mwa wadi, bonde kavu ambalo mvua ya milimani huligeuza mto ghafla, na mtoto akimpiga mateke. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kule Wadi Kabir.

Mimi na mama tulikaa chumba cha nyuma ya gereji. Mama alisuka nywele saluni, ng'ambo ya wadi. Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika, na ardhi ilinukia kama uani kwa bibi, Tanga. Nikashuka wadini kucheza, nikamwona mama ng'ambo, anarudi kutoka kazini. Alinipungia mikono yote miwili. Leo najua alikuwa akinifukuza. Siku ile nilidhani ananiita, nikakimbia kumlaki.

Nilisikia ngurumo, nikadhani ni lori. Mara Bashir, fundi Mpakistani wa gereji, akaninyakua kiunoni. Alinuka oili, na alifoka kwa lugha nisiyoijua.

“Mama! Ananiiba!” nililia, nikamng'ata mkono.

Hakuniachia hadi tulipofika juu ya ngazi ya kando ya gereji. Maji ya rangi ya udongo yakapita pale nilipokuwa, yakaingia hadi gerejini.

Mama alisimama ng'ambo, mikono kichwani, mpaka maji yakapungua. Alipovuka alianza kusema, “Shukran, kaka,” akakaa chini kwenye tope akalia.

Bashir aliniweka mapajani mwa mama taratibu, kisha akaenda kupapasa topeni, akizitafuta spana zake zilizosombwa na maji.