Kiti Chenye Mikono

Mwanangu, siku niliyorudi Unguja na diploma yangu naikumbuka vizuri. Kwetu Kiembe Samaki walishasema mtoto wa mkwezi hamalizi masomo, ataishia kuangua nazi kama babake. Nilimaliza. Sikubebwa na mtu, wala sioni haya kulisema.

Nikapata ukarani Mjini, katika ofisi ya serikali ya kuwatafutia watu kazi. Miaka ile ya hamsini tulikuwa makarani wawili dirishani, mimi na Makame, kijana wa Tumbatu niliyekula naye sahani moja. Tulivaa tai, tukasimama tangu asubuhi, feni ikimpepea mkubwa wetu Mzungu peke yake. Ukiugua, siku hiyo hulipwi. Watu wakituita Bwana Karani. Lakini hamali niliyempeleka mimi bandarini alipokea kunishinda, na nyumbani kwangu tulikula muhogo mtupu.

Tukaenda pamoja kuomba nyongeza. Kesho yake mkubwa akaniita peke yangu. Kando ya meza yake palikuwa na kiti chenye mikono. Ofisini mle kiti kile kilikuwa cheo. Makarani hatukukalia kitu.

"Wewe umesoma," akasema. "Chukua hiki. Mshahara tutautazama baadaye."

"Ahsante, bwana. Nikikipeleka nyumbani, mke wangu akitie nazi, au akichemshe kwa chumvi tu?"

Nikafukuzwa palepale. Nilijua Makame atatoka nami. Hakutoka.

Baadaye njaa ikanirudisha dirishani, safari hii upande wa nje, nyuma ya wachukuzi. Makame alikuwa ameketi ndani, viwiko vimetulia juu ya mikono ya kile kiti.

"Jina?"

"Makame, ni mimi!"

"Hapa naitwa Bwana Karani. Unajua kazi gani?"

"Yako," nikamwambia, nikatoka kwenye foleni.

Riziki niliipata kwingine, kwa akili yangu mwenyewe. Yeye, nilikuja kusikia, hakuongezwa hata senti.

Mwanangu, ukidai ujira ukapewa heshima, uliza heshima hiyo inanunua nini sokoni. Na kama mnadai wawili, mjue kwanza mwenzio, kisha ndipo umwendee mkubwa. Mola akupe kazi inayokulisha, na akuepushe na rafiki atakayekuuliza jina lako. Amin.