Flashi ya Baba Isiyoguswa

Kamera mpya ya Dada Cheka ilikata roho mbele ya keki. Bibi harusi kashika kisu, bwana harusi kashika mkono wa bibi harusi, mashangazi wamejipanga nyuma meno yote nje, na kamera ikatoa mlio mdogo wa ajabu, kisha kioo chake kikawa cheusi tii. Cheka akabonyeza tena. Kimya. Akazima, akawasha, akachomoa betri, akairudisha. Kimya kile kile. Juu ya kamera, flashi kuukuu ya baba yake iliendelea kupiga mluzi wake mwembamba na kuwasha kitaa chake chekundu, iko tayari kwa picha nyingine, haina habari na msiba uliotokea chini yake.

"Dada Cheka, tukate au tusikate?" bwana harusi akauliza.

"Ngojeni... ngojeni kidogo," alisema. Akaendelea kubonyeza mpaka mama wa bibi harusi akaja kumshika bega. Harusi ile, jamani, ilimaliziwa kwa simu ya huyo mama mtu, na Cheka aliyekuwa akisifiwa nusu saa nyuma akawa anawaomba watu wasogee karibu na dirisha.

Mshtuko ule ulikuwa mkubwa kuliko kamera. Cheka ana studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: pazia la bluu, stuli moja, kioo cha kuchania nywele, na kitana ambacho kila mteja hujidai hakitumii. Baba yake ndiye aliyeifungua, zamani hizo za filamu. Jina la Cheka alipewa na wateja kwa sababu ya maneno yake, "Cheka kidogo, picha haiumi." Baba alimfundisha kila kitu, kuanzia kuosha filamu gizani hadi kukata picha za pasipoti bila kumkata mtu sikio. Kitu kimoja tu hakumwachia, flashi yake.

Flashi hiyo ilikaa juu ya kabati, ndani ya soksi ya sufu. Cheka alipokuwa mdogo alipanda kiti siku moja, akaishusha, akawa anaipapasa kwa chini, pale inapochomekwa kwenye kamera. Baba akatokea. "Usiguse!" akafoka, na akampiga kofi la mkononi lililoirusha flashi mpaka kitandani. Baba yule hakuwahi kumpiga kabla ya siku hiyo wala baada yake. Kofi lilipoa, lakini donge lilibaki. Cheka alikua, akawa fundi wa picha anayeaminiwa na mtaa mzima, na kila akiinua macho kwenye lile kabati anajiambia kuna kitu mzee wangu ananinyima.

Mwaka juzi baba alipooza upande wa kulia, na maneno yote yakaenda na upande huo. Sasa anaongea kwa mkono wa kushoto. Akigonga mkono wa kiti mara moja, ndiyo. Akifumba macho, hapana. Cheka aliponunua ile kamera ya kisasa kwa akiba yake yote, alimwekea baba mapajani. Mzee akaigeuzageuza, akachungulia, akagonga mara moja. Cheka akaenda kulia jikoni.

Basi mama mwenye duka la dawa, ambaye ndiye mwenye nyumba, akamwambia, "Mwanangu anaolewa, picha utapiga wewe. Sitaki mwingine." Ukumbi wenyewe ulikuwa na madirisha madogo, mwanga haba, na kamera ile haikuja na flashi. Hapo ndipo Cheka alipoikumbuka soksi.

"Shikamoo Baba. Naomba flashi yako, ya siku moja tu."

Baba akafumba macho.

Cheka akacheka, akadhani anatania. Akaishusha, akaitia betri, akaichomeka juu ya kamera. Ikaingia vizuri kabisa, utadhani zilizaliwa pamoja. Mzee akaanza kugonga kiti, akagonga, akagonga, macho kayafumba kwa nguvu, povu mdomoni, akanyoosha ule mkono mmoja akamchapa Cheka kiganjani.

Mama yake Cheka akaja mbio kutoka uani. "Mwache baba yako, utampandisha presha!"

"Hata leo, Baba?" Cheka alisema. "Mimi ndiye ninayeiendesha studio yako, na hata leo siaminiki?" Akairudisha flashi kwenye soksi. Aliumia, na aliumia haswa.

Siku ya harusi aliichukua baba akiwa amelala mchana. Akaijaribu kwenye korido kama wapiga picha wote wa zamani wanavyojaribu. Bonyeza kitufe, paa! mwanga mweupe ukajaa ukutani. Flashi inayowaka ni nzima, ndivyo alivyoamini, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Ukumbini picha za mwanzo zilitoka safi mno, mashangazi wakawa wanagombania kuchungulia. Kisha ikaja keki.

Jumatatu akapanda ngazi hadi kwa fundi wa kamera, bwana mmoja anayeitwa Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe. Daktari aliifungua kamera, akaisogeza puani, akakunja uso.

"Inanuka kuungua. Ulichomeka nini hapa juu?"

Cheka akatoa soksi. Daktari akaiwasha flashi, akangoja mluzi utulie, akaigeuza juu chini, akashika nyaya mbili za mita yake na kugusisha ncha zake pale chini. Namba zikapanda. Zikapita mia. Zikapita mia mbili, na bado zinapanda. Macho yalimtoka pima.

"Dada yangu! Huu ni umeme wa ukutani! Kamera za zamani zilikuwa chuma kinagusa chuma, hazijali. Hizi za sasa zina vidude vidogo ndani vinavyotaka umeme kiduchu. Flashi nyingine za zamani ni pole, nyingine ndiyo kama hii. Huwezi kujua mpaka uipime."

"Lakini inawaka vizuri," Cheka alisema, kama mtu anayetetea ndugu. Akanyoosha mkono aichukue, vidole vikielekea kule chini.

"Usiguse!" Daktari akafoka, na akampiga kofi la mkononi.

Cheka akabaki mkono uko hewani. Daktari alianza kuomba radhi, akaeleza kwamba umeme wa pale unaweza kumrusha mtu, kwamba picha za harusi zimesalimika ila kamera kupona ni bahati. Cheka hakuwa anasikia. Alikuwa anaangalia kiganja chake.

Alifika nyumbani hata viatu hakuvua. Baba alikuwa kitini pake karibu na dirisha, Mama anamnywesha chai. Cheka akapiga magoti, akaiweka kamera mapajani pake.

"Baba, niliiiba flashi yako. Nimeua kamera."

Akangoja agonge kwa hasira, au ageuze uso. Mzee aliisukuma kamera pembeni kama kitu kinachomzibia njia, na ingeanguka kama Mama hangeidaka. Akaukamata mkono wa kulia wa mwanawe, akaukunjua. Akakagua kidole kimoja kimoja, mbele na nyuma, akiminya kila ncha na kumtazama usoni aone kama anaumia. Akauachia, akadai wa pili kwa kichwa. Alipofika kwenye kidole kidogo cha mwisho na kukikuta kizima, akashusha pumzi ndefu, akagonga kiti mara moja.