Vifurushi vya Mama Rehema

Jani la mgomba likipita juu ya makaa hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa puani. Juzi sokoni Mpuguso mama mmoja alikuwa akibabua majani ya kufungia maharage, nikasimama karibu naye mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kama hujawahi kubabua jani, si kazi ngumu. Lishike ncha zote mbili, lipitishe juu ya moto polepole mpaka ling'ae na kulegea. Baada ya hapo halichaniki ovyo, unafungia unachotaka. Bibi yangu alinifundisha nikiwa darasa la tatu, wiki aliyokufa ng'ombe wetu, Tumaini.

Tumaini alikuwa maziwa yetu na mbolea ya migomba yetu. Alikonda huku anakula, tumbo likavimba, akaanguka. Mchinjaji alipompasua alitoa bonge la mifuko ya plastiki, kubwa kuliko kichwa changu. Hatukuhitaji kuuliza ilikotoka. Mama Rehema, mwenye duka juu ya mteremko, alimwaga taka nyuma ya duka lake, na mvua za kwetu zilizishusha zote hadi shambani.

Bibi alipanda kumweleza. Mama Rehema hakuacha kupima sukari.

"Shikamoo, Bibi. Kwani mimi ndiye niliyemlisha? Mfundishe ng'ombe wako kuchagua chakula."

Wateja walicheka. Bibi akaitikia, "Marahaba," akashuka zake. Nyumbani alikuwa na ndama wa Tumaini, aliyebakiza kidogo tu aanze kula majani mwenyewe.

Sasa, kwetu jirani akikuletea kitu kwenye kikapu, humrudishii kikapu kitupu. Unatia hata ndizi mbili. Bibi alianzia hapo. Lile bonge alilifunga bila kuliosha, kwa majani mazuri niliyoyababua mimi, akalikaza kwa kamba ya mgomba. Lilipendeza kama zawadi ya harusi. Siku ya soko, duka likiwa limejaa, alilitua mezani pembeni ya mizani.

"Ndaga, mwanangu," alisema, yaani ahsante. "Umetuletea vitu siku nyingi. Tumeona aibu kukaa bila kurudisha."

Mama Rehema alifungua mbele ya watu. Harufu ya tumbo la Tumaini ilijaa duka zima, na waliocheka ndio waliotangulia kutoka.

Soko lililofuata walipanda na wanawake wengine wa mashamba ya chini, kila mmoja na kifurushi chake cha mifuko iliyookotwa kwenye mfereji. Walisalimia vizuri, wakatua, wakaondoka. Bibi alitangaza kwamba mfuko wowote utakaoonekana mtaroni utarudishwa kwa mwenyewe, hata akiwa mnunuzi tu. Watu wakaanza kwenda dukani na vikapu vyao.

Mama Rehema alimwita mwenyekiti wa kijiji.

"Wananiletea takataka," alilalamika.

"Takataka za nani?" mwenyekiti akauliza.

Wiki hiyohiyo Mama Rehema alichimba shimo la taka, na sukari akaanza kuifunga kwa karatasi.

Wanawake wale wakawa kikundi cha usafi, nacho kipo mpaka leo. Wageni wakija kujifunza, husifu sana upendo wa bibi zetu kwa mazingira, nami hupiga makofi pamoja nao. Utotoni niliamini zaidi ya hapo: nilidhani Bibi amesamehe, kwa jinsi alivyofunga vifurushi vile kwa uangalifu na kutabasamu.

Ndama alikua, akazaa, akakamuliwa. Kila jioni Bibi alinituma kupeleka maziwa kwa shangazi, akisisitiza nipitie barabara ya juu, mbele ya duka, na ndoo niiache wazi. Njia ya mkato ilikuwepo, fupi na kavu. Nikamuuliza kwa nini nizunguke.

"Upate kunyoosha miguu," alisema.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba miguu yangu haikuhusika.