Mkwe Ageuke

Mwaka 2013 nilikuwa nimefika kwenye maneno ya kula. Nilijifunza Kiingereza peke yangu, jioni, baada ya kufunga karakana yangu ya useremala pale Kibondo. Sikufuata mpangilio wa kamusi. Nilichukua jambo moja, nikatafuta maneno yake yote, nikayaandika kwa penseli ya kazi kwenye vipande vya mbao vilivyobaki, nikavipanga ukutani. Mke wangu alisema nyumba za wenzetu zinatundika picha, yetu inatundika kuni.

Kula kulinisumbua kuliko kutembea na kuliko kukasirika. Neno letu moja hubeba mizigo mingi: mtu hula ugali, hula kiapo, hula fedha za ushirika, na akizeeka sana tunasema amekula chumvi nyingi. Waingereza hugawa. Chakula ni “eat”. Gari linalomaliza petroli, moto unaoteketeza nyumba, kazi inayomeza siku nzima, hapo ni “consume”. Dawa hawainywi, wanaichukua tu, hata ikiwa ya maji. Nami Muha, ambaye kwetu hata tumbaku hunywewa, ilinibidi nifikiri upya. Niliyapenda hasa maneno madogo yanayokifuata chakula njiani: “sip” kwenye midomo, “chew” kwenye meno, “swallow” kwenye koo.

Masika yalipokuwa yanaisha, mama mkwe wangu, mkulima wa Kitahana, alivimba koo, akalazwa hospitali ya misheni upande wa Kasulu. Alitibiwa, uvimbe ukapungua. Ikabaki uamuzi wa daktari mgeni, aliyekuja kwa muda na hakujua Kiswahili: kama anakula vizuri, arudi nyumbani, kama koo bado linakataa, apelekwe Mwanza. Mama mkwe aliiogopa Mwanza. Alimwambia mke wangu kwamba maharage yake yamekauka shambani, na kwamba wanaopelekwa mbali hurudi wamefunikwa shuka.

Asubuhi ya uamuzi, nesi aliyekuwa akitafsiri, mwenyeji wa Kilimanjaro, aliitwa ghafla wodi ya wazazi.

“Fundi, si unajisomea Kiingereza?” akaniambia akiwa mlangoni. “Leo ndiyo mtihani. Msaidie daktari, narudi.”

Daktari akauliza. Mgonjwa anakula kiasi gani? Anatafuna? Anameza bila maumivu? Maneno yote niliyajua, yalikuwa ukutani kwangu. Nilichokosa ni jibu. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona mama mkwe akitia kitu kinywani. Kwetu Waha, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali wakionana, na kuulizana habari za chakula ni utovu wa adabu. Hata maji alikuwa akienda kuyanywea nyuma ya nyumba. Kwa hiyo nilijibu kama mkwe mwema anavyojibu: anakula vizuri sana.

Daktari akatabasamu, akaanza kuandika.

“Umemwambia nini?” mke wangu akauliza kutoka upande wa pili wa kitanda.

“Kwamba mama anakula vizuri sana.”

“Baba watoto, umemwona wapi?”

Nikamwomba daktari asimamishe kalamu. Nikamweleza kwamba sijui, na kwa nini sijui. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema basi mama anywe uji hapo hapo, yeye aangalie, nami niulize kama kunauma.

Mke wangu akamwinamia mama yake, akamweleza kwa Kiha. Kisha ikatoka sauti kavu kitandani:

“Mkwe ageuke. Na mwambie asinihesabie mafunda.”

Niligeuka, nikatazama dirishani, shuka za wodi zilikoanikwa. Nyuma yangu chupa ya uji ikafunguliwa. Nikasikia midomo ikivuta, taratibu. Kikapita kimya ambacho sikukipenda. Halafu koo likafanya kazi yake, kwa sauti kabisa.

“Mwambie mkwe unapita.”

“Anasema unapita,” mke wangu akarudia, kana kwamba mimi si Muha.

Nikaliambia dirisha kwa Kiingereza. Daktari akauliza kuhusu maumivu.

“Mwambie panawasha kidogo upande wa kushoto. Na mwambie uji wa binti yangu hauna sukari, hayo nayo ni maumivu.”

Nilitafsiri yote mawili, kwa kuwa niliombwa usahihi. Daktari akacheka, akampa kipande cha ndizi ya kuchemsha. Nikasikia kutafuna, kisha kumeza, mara nyingine na nyingine. Nesi aliporudi alinikuta bado natazama shuka, na daktari akiandika ruhusa ya kwenda nyumbani.

Tulimpeleka Kitahana. Siku iliyofuata mke wangu alikwenda kung'oa maharage, mimi nikabaki kutengeneza mlango wa ghala. Mchana nilikuta chakula changu sebuleni kimefunikwa. Chake kilikuwa jikoni, ukuta wa udongo kati yetu. Tukala, kila mtu upande wake.

“Mwambieni mkwe,” sauti ikatoka jikoni, “maharage nayo yanapita.”

Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani.

“Mwambieni mama,” nikajibu, “nimesikia.”